Kila Fataki na Mwenyewe: Miaka 60 ya Usimamizi wa Baruti, Ikitazamwa kutoka Mbinga

Stoo ya baruti haina cha kumvutia mpita njia. Ni kijumba cha kuta nene, mlango wa chuma wenye kufuli, majani yamefyekwa pande zote mpaka udongo mwekundu unaonekana, na juu kumesimikwa kinga ya radi. Simu na kiberiti vinabaki getini. Ndani, masanduku yamepangwa juu ya mbao yasiguse sakafu. Fataki hazimo humo. Zina kijumba chao pembeni, kwa sababu ndizo zinazoiamsha baruti, na anayeamsha halali chumba kimoja na anayelala.

Ukiingia, mtunza stoo hakuonyeshi masanduku kwanza. Anakuonyesha daftari. Limepigwa mistari kwa rula: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, aliyechukua, zilizorudi, zilizobaki, saini. Mkaguzi akifika naye huanzia hapohapo. Husoma mstari wa mwisho, kisha huhesabu kwa mkono kilichomo. Idadi mbili hizo zikilingana, mazungumzo huendelea kwa sauti ya kawaida. Zikipishana kwa fataki moja tu, kazi inasimama mpaka fataki hiyo ipatikane au ijulikane ilikwenda wapi.

Fataki ninayoitaja si ile ya mkesha wa mwaka mpya, wala si yule mzee wa matangazo ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 aliyekuwa akiwarubuni wanafunzi wa kike. Kwa wachimbaji, fataki ni kichocheo, kijibomba kidogo kama kalamu kinachotegwa ili kuilipua baruti kubwa. Bila fataki, baruti nyingi za kisasa zinaweza kuanguka, kubebwa na kusukumwa bila kulipuka. Ndiyo maana vitabu vya serikali huhesabu baruti kwa tani na fataki kwa vipande.

Mwaka 2023 Sheria ya Baruti, Sura ya 45 ya sheria za Tanzania, ilitimiza miaka 60. Katika muda huo ukaguzi wa baruti umehama paa mara kadhaa, kutoka idara moja ya wizara kwenda nyingine, hadi kufika Tume ya Madini ulipo leo. Ukiniuliza taasisi yenyewe hasa iko wapi, sitakupeleka makao makuu Dodoma. Nitakuonyesha daftari lile.

Kabla ya 1963: mwamba na mahitaji yake

Umatengo, eneo letu la Mbinga mkoani Ruvuma, ni nchi ya mashimo. Kwenye miteremko ya Litembo na vilima vinavyoizunguka Mbinga, wakulima wamechimba ngoro kwa vizazi: mashimo yaliyopangwa kama macho ya chujio, ya kuzuia maji ya masika yasiubebe udongo. Kazi hiyo yote ni ya jembe na mgongo. Lakini jembe lina mpaka wake, na mpaka huo ni mwamba. Hadi leo, mahali pengi Afrika Mashariki, mpasua kokoto huwasha moto juu ya jiwe ili lipasuke kwa joto, kisha humalizia kwa nyundo. Kwa msingi wa nyumba, njia hiyo yatosha. Kwa reli, barabara kuu au mgodi, mtu angezeeka kabla hajamaliza kilomita moja.

Neno baruti tulilipata pwani pamoja na magobori, likitokea Mashariki ya Kati. Baruti ya kupasulia mwamba ni ndugu wa baadaye. Alfred Nobel wa Sweden alisajili baruti yake ya dainamaiti mwaka 1867, na kufikia 1896 Afrika Kusini ilikuwa na kiwanda kikubwa huko Modderfontein kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Reli za wakoloni ziliipokea bidhaa hiyo na kupanda nayo bara.

Mlio maarufu kuliko yote katika historia ya mwambao wetu wa Ziwa Nyasa haukuwa wa kazi. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa kwa matengenezo pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, ikaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Mambo ya vita si ya historia hii, ila kisa hicho hunijia kila nisikiapo king'ora cha mgodi: kwenye ulipuaji wa kazi, hakuna anayeruhusiwa kutokuwa na habari.

Mahitaji ya baruti katika eneo letu yalikuwa yakijiandaa chini ya ardhi. Mwishoni mwa karne ya 19 mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt alipita upande huu wa Ziwa Nyasa na kuandika habari za makaa ya mawe. Miaka ya mwanzo ya 1930 G. M. Stockley, wa idara ya jiolojia ya Tanganyika, aliyapima mabonde ya Ruhuhu kwa kina zaidi. Matabaka hayo ndiyo yanayofika Ngaka, Mbinga. Yalipimwa, yakaandikwa, yakaachwa pale pale kwa miaka 80 hivi. Makaa hayaozi.

1963–1964: sheria na kanuni zake

Mwaka 1963 ulipoanza, Tanganyika ilikuwa jamhuri changa, haijatimiza hata miaka miwili tangu uhuru. Mwaka huo ikatunga Sheria ya Baruti. Kanuni zake zilifuata 1964. Wazo lililoziongoza ni jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: baruti isikae hata siku moja bila mtu anayeijibia.

Kwa hiyo njia yake ilikatwa vipande, na kila kipande kikapewa kibali chake. Anayeiingiza nchini ana kibali cha kuingiza. Anayenunua ana kibali cha kununua, kinachotaja kiasi. Gari linaloibeba lina masharti yake, na barabarani kuna ulinzi. Mahali inapolazwa pana leseni, na leseni hiyo inasema stoo iwe umbali gani kutoka kwenye nyumba na barabara, na mzigo wake usizidi kiasi gani. Mwisho wa njia, anayeiwasha ana cheti chake mwenyewe, kwa jina lake. Mwenye mgodi anaweza kuwa tajiri, mwenye leseni na mitambo. Kama hana cheti cha ulipuaji, haruhusiwi kugusa waya.

Juu ya mlolongo wote huo sheria ilimweka Mkaguzi Mkuu wa Baruti, na chini yake wakaguzi wenye haki ya kuingia stoo yoyote, kufungua sanduku lolote na kutaka daftari lolote. Tuzingatie pia kwamba baruti za kazi zilitengwa na habari za bunduki na risasi, ambazo zina sheria nyingine. Baruti ya mchimbaji ilihesabiwa kuwa zana, kama sururu, ila sururu isiyosamehe.

1967–1997: mashirika ya umma na safari ndefu

Azimio la Arusha la 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilianzishwa 1972. Kati ya 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande chake kigumu kuliko vyote kilikuwa kile cha milimani kati ya Mlimba na Makambako, ambako mahandaki yalitobolewa moja baada ya jingine. Kwa mtu wa Ruvuma, Makambako ni mlango. Barabara ya lami kutoka huko hadi Songea ilikuja miaka ya 1980.

Sheria ya Madini ya 1979 ilichukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1929. Mwaka 1988 mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira ulifunguliwa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Kiwira ni mgodi wa chini kwa chini, na hapo somo la baruti linabadilika. Makaa hutoa gesi ya methani. Mwali wa baruti ya kawaida unaweza kuiwasha gesi hiyo na kuuchoma mgodi mzima, kwa hiyo kwenye makaa ya chini ya ardhi hutumika baruti maalumu yenye mwali mfupi usio na joto kali, baada ya kupima hewa. Nchi nyingi zililijifunza hilo kwa majeneza.

Mbinga ya miaka hiyo ilikuwa nchi ya kahawa. Mkaguzi aliyetoka Songea, yapata kilomita 100, alikuja kwa barabara ya udongo, na masika ndiyo iliyopanga ratiba yake kuliko wizara. Hata wimbi la vito lililofumuka Tunduru katikati ya miaka ya 1990 halikuongeza haja ya baruti, kwani yakuti zile zilikuwa za mchangani na mitoni, kazi ya koleo na chekeche. Dhahabu iliyo ndani ya mwamba, kama ile inayofuatwa na wachimbaji wadogo huko Mpepo karibu na mpaka wa Msumbiji, ndiyo inayomlazimu mtu kuchoronga na kulipua.

1998–2010: migodi mikubwa, tani kubwa

Sheria ya Madini ya 1998 ilifungua mlango kwa kampuni kubwa. Golden Pride ya Nzega ilianza mwaka huohuo, Geita ikafuata mwaka 2000, Bulyanhulu 2001. Kazi ya ukaguzi ikabadilika ghafla. Sheria ya 1963 iliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza masanduku, ambayo mtu huyabeba, huyahesabu na kuyafungia. Sasa yalikuja malori yaliyobeba ujiuji mzito ambao njiani si baruti kamili, na hupata nguvu yake ukishamiminwa shimoni. Unahesabuje sanduku ambalo halipo? Jibu lilikuwa kuhesabu kila shimo: kina chake, kiasi kilichomiminwa, fataki iliyotegwa. Daftari halikufa; liliongezewa safu.

Miaka hiyohiyo Watanzania walijifunza kwa uchungu maana ya neno ghala. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20. Zile zilikuwa silaha za kijeshi, haziko chini ya Sheria ya Baruti. Lakini tangu hapo, mkaguzi akisema stoo ihamishwe mbali na makazi, hahitaji maneno mengi.

Dunia nayo ina mafunzo yake, na mengi yanahusu chumvi moja nyeupe iitwayo naitreti ya ammonia, ambayo ni mbolea na pia ni malighafi kuu ya baruti za migodi. Mwaka 1947 meli iliyoibeba ililipuka bandarini Texas City, Marekani, na kuua watu karibu 600. Tarehe 4 Agosti 2020 tani 2,750 zilizosahauliwa ghalani kwa miaka zilibomoa bandari ya Beirut. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anayehifadhi mifuko ya CAN asishtuke: mbolea hiyo imechanganywa na chokaa makusudi, na mojawapo ya faida zake ni kuituliza. Kilichoua Beirut hakikuwa mbolea peke yake. Mzigo ulikuwa na barua nyingi na haukuwa na mwenyewe.

2008–2016: Ngaka

Mwaka 2008 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliungana na kampuni ya Australia kuunda Tancoal Energy, na mwaka 2011 makaa ya Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro, kata ya Ruanda, yakaanza kuchimbwa. Ni mgodi wa wazi. Juu ya makaa kuna mwamba wa mchanga, na kwa migodi ya aina hii swali la kila siku ni kama mwamba huo utabanduka kwa meno ya buldoza au utahitaji kuchorongwa na kulipuliwa. Baruti ni gharama. Hakuna mhandisi anayeilipua pale ambapo chuma kinatosha.

Mwaka 2016 serikali ilizuia uagizaji wa makaa kutoka nje, viwanda vya saruji vikageukia Ngaka, na malori yakajaa barabarani. Kabla ya hapo lami ilikuwa imekwisha kufika Mbinga kutoka Peramiho. Miaka michache baadaye ikateremka milima mpaka Mbamba Bay, kilomita 67 hivi, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Watu husifu lami na kusahau kokoto. Kokoto hutoka kwenye mwamba, na mwamba wa kokoto nyingi kiasi hicho haupasuliwi kwa nyundo. Msafiri anayekwenda kula mbasa ziwani anapita juu ya kazi ya walipuaji bila kuijua.

Ziwani kwenyewe baruti haina ruhusa. Sheria ya Uvuvi ya 2003 imepiga marufuku kuvua kwa milipuko, uovu ulioumiza zaidi matumbawe ya pwani ya Bahari ya Hindi. Na hapa ndipo fataki moja iliyopotea migodini inapopata maana yake yote, kwa kuwa mvuvi haramu hana kiwanda. Anategemea daftari la mtu fulani lililojazwa vibaya.

2017 hadi leo: Tume ya Madini

Marekebisho ya sheria ya Julai 2017 yaliunda Tume ya Madini, na Aprili 2018 makamishna wake wa kwanza waliteuliwa chini ya Mwenyekiti, Profesa Idris Kikula. Tume ilirithi kazi zilizokuwa kwa Kamishna wa Madini pamoja na zile za Wakala wa Ukaguzi wa Madini, TMAA. Madaraka yaliyokuwa ya mtu mmoja yakawa ya kikao chenye Mwenyekiti na makamishna, na kazi za kila siku zikawa chini ya Katibu Mtendaji. Mikoani, sura ya Tume ni Afisa Madini Mkazi. Kwa Mbinga na Nyasa, huyo yuko Songea.

Kwa mchimbaji mdogo mwenye leseni ndogo, huduma anazozifuata ofisini ni za kawaida kabisa: kibali cha kununua na kutumia baruti, ukaguzi wa stoo kabla haijapewa leseni, mafunzo na mtihani wa cheti cha ulipuaji, na uchunguzi ajali inapotokea. Mwenye leseni asiye na stoo wala mlipuaji hana njia ya mkato. Atamtafuta mwenye cheti, na mzigo utatoka kwenye stoo yenye leseni, kwa kiasi cha kazi ya siku hiyo. Wengi huona ni usumbufu. Ni usumbufu kweli, na sheria ilikusudia uwe hivyo.

Jedwali la matukio

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1929 | Sheria ya Madini ya Tanganyika chini ya Waingereza |
| 1963 | Sheria ya Baruti yatungwa |
| 1964 | Kanuni za Baruti |
| 1972 | STAMICO yaanzishwa |
| 1979 | Sheria mpya ya Madini |
| 1988 | Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira wafunguliwa |
| 1998 | Sheria ya Madini ya uwekezaji. Golden Pride yaanza Nzega |
| 2003 | Sheria ya Uvuvi yakataza uvuvi wa milipuko |
| 2010 | Sheria ya Madini na kanuni za usalama migodini |
| 2011 | Uchimbaji waanza Ngaka, Mbinga |
| 2012 | Wilaya ya Nyasa yatengwa na Mbinga |
| 2017 | Tume ya Madini yaundwa kisheria |
| 2018 | Makamishna wa kwanza wateuliwa |
| 2023 | Sheria ya Baruti yatimiza miaka 60 |

Siku ya mlipuko

Ubao wa matangazo unataja saa tangu jana. Asubuhi mashimo yamekwisha kuchorongwa, yamepangwa kwa safu, na vumbi la kila shimo limekaa pembeni kama kichuguu kidogo. Mlipuaji anatembea kutoka shimo hadi shimo akiwa na orodha. Wasaidizi wanasimama kwenye njia zote zinazoingia, kila mmoja na bendera nyekundu, na hakuna anayepita, hata mwenye haraka, hata mkubwa. King'ora cha kwanza. Cha pili. Ng'ombe wa jirani anaondolewa kwa mara ya mwisho.

Kisha ardhi inanyanyuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, na sauti inafuata. Mgeni huangalia vumbi. Mlipuaji haangalii. Ameinamisha kichwa, anahesabu milio kwa vidole, maana safu ziliwekwa zipokezane na sikio lililozoea hulijua pengo. Moshi ukishapungua anaingia peke yake kwanza, anakagua kila mahali palipokuwa na shimo, akitafuta waya uliobaki mzima au baruti iliyogoma. Wengine wote wanasubiri nje ya bendera. Anaweza kuchukua dakika nyingi. Hakuna anayemwita.

Akirudi, king'ora cha mwisho kinalia na bendera zinashushwa. Yeye haendi kula bado. Anabeba kisanduku kidogo kurudi stoo ya fataki, anahesabu vipande vilivyosalia mbele ya mtunza stoo, na kwenye safu ya zilizorudi anaandika: 4. Mtunza stoo anahesabu tena. Nne. Wote wawili wanatia saini.